Mkia wa Habari ya Ukurasa wa Tano

Katika chumba kile cha habari kila mtu alibandikwa jina, na yeye walimwita Mkasi. Hakuchukia. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa mhariri wa kurasa, kazi yake kupokea habari ndefu za waandishi na kuzipunguza mpaka zienee mahali pake. Aliifanya vizuri mno. Mwandishi aliweza kuisoma habari yake mwenyewe asubuhi, akaifurahia, asikumbuke hata kimoja kilichoondolewa. Walimnung'unikia, walimtania, na wenye akili walimwogopa kidogo.

Kazi hiyo ina kanuni moja, nayo ni kwamba habari hukatwa kuanzia chini. Lililo zito huwekwa juu na lililo jepesi hushuka chini, ili tangazo likija dakika ya mwisho likataka nafasi, unaukata mkia bila hata kuusoma, na habari inabaki na kichwa, kifua na miguu. Kila mtu wa magazeti anaijua kanuni hiyo. Hata msanifu wa kurasa, bwana mmoja ambaye katika gazeti lote alisoma matokeo ya mpira tu, aliijua. Ishike hiyo kanuni, msomaji, maana balaa lote lilipitia hapo.

Sasa tumtazame mwanamke huyu nyumbani. Alikuwa na mdogo wake mmoja wa kiume, tumbo moja, ambaye yeye alimzidi miaka sita. Walikulia katika chumba ambacho mama yao alikibandika magazeti ya zamani ukutani ili kuziba nyufa, na ukuta huo ndio uliokuwa kitabu chao. Dada alisoma kwa kufuatisha kidole, mdogo wake akirudia nyuma yake. Kurasa nyingine zilibandikwa juu chini, wakawa wanapinda shingo kama watu waliolala vibaya. Na kulikuwa na habari moja ndefu iliyoishia nyuma ya kabati. Kabati lilikuwa zito, mama hakutaka lisogezwe, na mdogo wake hakulala mpaka aambiwe mwisho wake. Basi dada akawa anautunga mwisho. Leo mwizi alikamatwa, kesho akatubu, keshokutwa akaoa. Mtoto aliupokea kila mwisho kwa mikono miwili, kwa sababu dada yake ndiye aliyejua kusoma.

Mtoto yule alikua, akaoa, akapata kazi kwenye kiwanda cha magodoro ya sponji, akapanda cheo hadi kuwa msimamizi wa zamu ya asubuhi. Na hapa ndipo mambo yalipoanza kufungana kamba, kwa kuwa mwenye kiwanda ndiye mwenye gazeti. Watu wote walimwita Mwenyekiti. Ofisi yake ilikuwa ghorofa ya sita, chumba cha habari kikiwa ghorofa ya tatu, na katika miaka yote hiyo Mkasi alikutana naye kwenye lifti mara nne tu. Mara zote alikuwa mpole. Aliuliza hali ya familia akasubiri jibu.

Usidhani basi kwamba amri zilikuwa zikishuka kutoka juu kila siku. Hakuna amri hata moja Mkasi aliyowahi kuiona kwa macho. Mhariri mkuu alikuwa akipita na karatasi mkononi, anakohoa kidogo, anasema, "Hii tuiangalie kwa busara." Basi. Habari iliyotajwa kuwa ya busara ilijulikana ni ya namna gani: inamgusa Mwenyekiti, au chama chake, au biashara yake, au mkwewe. Habari za chama cha upande wa pili hazikuhitaji busara. Hizo zilitiwa chumvi zikaenda mbele. Na baada ya miaka michache hata kukohoa hakukuhitajika tena, kwa sababu kila mtu alikwisha kuwa na mhariri mkuu wake mdogo ndani ya kichwa. Wa Mkasi alikuwa hodari kuliko wote. Aliwahi kazini kabla yake.

Kama kawaida ya mji wowote, ng'ambo ya barabara palikuwa na gazeti la pili. Hilo mwenyewe alikuwa tajiri wa malori, naye aliwafadhili wa upande wa pili kama Mwenyekiti alivyowafadhili wa kwake. Mkasi alilidharau. Kila familia ilipokutana alilisema vibaya, akiwaonyesha shemeji na wifi jinsi lilivyokuza hili na kubuni lile, na wao walicheka, wakajiona wajanja. "Lile lina mwenyewe," alikuwa akisema. Ni kweli lilikuwa na mwenyewe. Ila katika mazungumzo hayo yote hakuna aliyewahi kumuuliza, na la kwenu je?

Mwaka ule ulikuwa wa uchaguzi na Mwenyekiti alikuwa anagombea. Ikiwa imebaki miezi mitatu, wafanyakazi wa zamu ya asubuhi walianza kusikia harufu ya kitu kinachoungua juu ya mashine kubwa ya kukatia sponji. Wakatazama, wasione moshi. Dari ilikuwa imezibwa kwa mbao na ufunguo wa huko juu alikuwa nao meneja. Siku ya tatu wakasema hawaingii ndani mpaka wakaguzi waje. Gazeti la ng'ambo likaidaka siku hiyo hiyo: nyaya za kiwandani zimeoza, wafanyakazi watatu wamezimia, na pembeni picha ya mgombea wa upande wa pili amesimama getini amekunja uso. La nyaya walilibahatisha. La watu kuzimia lilikuwa uongo mtupu, na kwa uongo huo wafanyakazi wenyewe, waliojua hakuna aliyezimia, walilitupa gazeti zima.

"Umeona, Dada?" mdogo wake alimpigia simu akicheka. "Wametuzimisha watu watatu."

"Si nilikwambia? Wanatafuta kura hao."

"Sisi tunasubiri wakaguzi. Wakisema pazuri, tunarudi. Wakisema pabaya, meneja ataingia mwenyewe kukata sponji."

Wakaguzi walikuja, wakakaa siku mbili, wakaandika ripoti yao wakamkabidhi meneja, na meneja akaifungia mezani. Nakala moja ilimfikia mwandishi wa habari za viwanda wa gazeti la Mkasi, dada mmoja mwenye miwani mizito ambaye hakujua kuandika kwa ufupi. Alileta habari ya aya kumi na moja. Aya ya kwanza ilisema wakaguzi wameridhika na milango ya dharura, mitungi ya kuzimia moto na mafunzo ya wafanyakazi. Aya ya pili ilisema nyaya zilizo juu ya mashine kubwa zimeungua ganda, na kwamba mashine hiyo isiwashwe hata kwa dakika moja mpaka zibadilishwe.

Mhariri mkuu hakukohoa siku hiyo. Hakuwepo kabisa, alikuwa kwenye mkutano wa kampeni. Ukurasa wa tano ulikuwa unafungwa saa kumi jioni, na saa tisa na nusu Mkasi alikuwa na ile habari mbele yake, imechapwa kwenye karatasi, kwa sababu alikuwa mtu wa zamani na bila kalamu nyekundu hakufikiri. Aliisoma mara moja. Akaichukua aya ya pili, akaizungushia duara, akavuta mshale mrefu hadi chini kabisa, baada ya aya inayoeleza kiwanda kilijengwa lini.

Hakuikata. Nataka hilo lieleweke, kwa maana yeye mwenyewe alilishikilia kwa muda mrefu sana. Aliihamisha tu. Lakini kwenye meza ya msanifu palikuwa na fomu ya tangazo la nusu ukurasa lililokwisha kulipiwa na lilikuwa njiani, na Mkasi alikuwa ameiona alipokwenda kuchukua maji. Tangazo lilipofika, msanifu alifanya kama kanuni inavyosema, akakata kuanzia chini. Lilikuwa tangazo la godoro: mwanamke amelala fofofo, anatabasamu. Zikaliwa aya tano, na ile ya nyaya ikiwa ya mwisho ndiyo iliyotangulia kwenda.

Kichwa cha habari alikiandika yeye: WAKAGUZI WARIDHISHWA NA USALAMA KIWANDANI.

Asubuhi mwandishi mwenye miwani alisimama mbele ya meza yake na gazeti. "Mkasi, aya yangu ya pili iko wapi?"

"Tangazo," alijibu bila kuinua macho.

"Ilikuwa ya pili."

"Nimesema tangazo, mama. Nenda kazungumze na matangazo."

Yule dada alisimama pale kidogo zaidi kuliko inavyofaa, kisha akaondoka. Mwezi uliofuata aliacha kazi. Lakini asubuhi ile ile, kabla yule dada hajafika mlangoni, simu ya Mkasi ikalia, akaona jina la mdogo wake.

"Dada, nimesoma. Nina wenzangu hapa sitini na kitu, wananitazama mimi. Hii habari ni ya kweli?"

Hapo ndipo pa kusimama. Kama kuna saa ambayo mtu angeweza kuirudisha nyuma kwa kidole, ni hiyo. Kumbuka, alikuwa amekwisha kujipanga: ripoti meneja anayo, meneja hana wazimu, mashine itazimwa, nyaya zitabadilishwa kimyakimya, na uchaguzi utapita. Alikuwa amebakiza miaka mitatu astaafu. Aliyaambia masikio yake mambo hayo yote kwa haraka, kisha akajibu kwa sauti yake ya kazini.

"Kila neno lililomo ni kweli."

"Basi. Hiyo inatosha."

Na kila neno lililomo lilikuwa kweli. Mdogo wake aliikata habari ile gazetini, akaibandika kwenye ukuta wa kantini, akawaambia wenzake twendeni. Wakaingia. Meneja, ambaye alikuwa na oda kubwa ya hospitali na ripoti mezani, aliiwasha mashine.

Moto ulitokea siku ya kumi na tisa, saa nne asubuhi. Sponji haingoji mtu. Fundi cherehani mmoja, mama wa watoto wanne, hakutoka; wala hakutoka mpanga magodoro mmoja waliyemwita Kimya kwa vile alikuwa hafungi mdomo kuanzia kengele hadi kengele. Mdogo wake Mkasi alirudi ndani mara mbili. Mara ya pili alimshika Kimya mikono, wakateleza, na sponji iliyoyeyuka ikamganda viganjani.

Mkasi alizipata habari hizo akiwa mezani pake. Aliomba ruhusa, akaenda hospitali, akasimama dirishani mwa wodi akimtazama mdogo wake aliyefungwa bendeji hadi viwiko, akarudi kazini kabla ya ukurasa wa kwanza kufungwa. Na ukurasa wa kwanza ulikuwa na picha. Mwenyekiti ameinama juu ya kitanda, uso umejaa huzuni ambayo naamini ilikuwa ya kweli, mkono wake juu ya bega la majeruhi. Bega lilikuwa la mdogo wake. Palihitajika maelezo ya picha, maneno kumi na moja. Angeweza kusema hawezi, na yeyote angemwelewa. Lakini akikataa hilo angeulizwa kwa nini, na alikuwa na hofu kwamba atajibu. Akaandika: "Mwenyekiti akimfariji mmoja wa mashujaa waliojitosa motoni kuwaokoa wenzao." Akayahesabu. Yalikuwa machache kuliko nafasi, ikabidi aongeze "jana asubuhi".

Sponji ilipopoa serikali iliunda tume ya uchunguzi, na mdogo wake aliitwa kuwa shahidi. Alikuwa amerudi nyumbani, mikono ingali imefungwa, mkewe akimnywesha chai kwa kijiko. Mkasi alikwenda kila Jumamosi. Kwa kuwa mgonjwa hakuweza kufungua kurasa, yeye alimsomea, wamekaa bega kwa bega kama zamani.

Jumamosi moja mdogo wake alisema, "Leo usinisomee la leo. Kuna kipande kwenye droo ya kitanda. Wifi yako amekitoa kantini, huko hakukuungua."

Alikijua kabla ya kukishika. Pembe zake zilikuwa bado na gundi.

"Nisomee taratibu," mdogo wake alisema. "Tume wataniuliza niliona nini humo hata nikawarudisha watu. Nimeisoma mpaka macho yananiuma, Dada. Natafuta mahali nilipokosea. Pengine kuna neno nililiruka. Pengine walitahadharisha na mimi kwa haraka zangu sikuelewa. Wewe ndiye unayejua kusoma."

Akaisoma. Aya sita, hadi mahali ambapo mwanamke wa godoro angeanza kutabasamu. Mdogo wake alisikiliza amefumba macho, midomo ikirudia nyuma yake.

"Sioni," alisema. "Mama mzazi wa yule fundi cherehani alikuja juzi kunijulia hali. Kunijulia hali mimi! Hakunitupia hata neno moja baya. Lakini mimi ndiye niliyesema twendeni. Kimya hakutaka, unajua? Alisema, 'Mimi pua yangu haisomi gazeti.' Nikamcheka mbele za watu."

Mkasi alikikunja kile kipande, akakirudisha drooni. Alimwambia ajipumzishe, asijitese, halikuwa kosa lake. Wifi akaitikia mlangoni, "Mwambie wewe, wifi yangu, mimi hanisikii. Usiku hakuna kulala humu ndani." Mkasi akaaga, akashuka ngazi, na kwenye ngazi ya tatu akakaa chini na mkoba mapajani. Alijichukia. Kumficha mtu jambo, hilo alikuwa amelizoea, ilikuwa kazi yake. Lakini hili alikuwa amemtwisha. Mzigo wake mwenyewe ulikuwa juu ya mgongo wa mtu asiye na viganja, naye alikuwa akimpigapiga begani akimwambia asijali.

Hakupanda tena siku hiyo. Ningependa kukuambia alipanda, lakini alikwenda nyumbani. Alirudi Jumanne, siku moja kabla ya ushahidi, akiwa ameikunja mara nne karatasi ambayo kwa miezi miwili ilikaa chini ya droo yake kazini. Hakuketi.

"Hukuruka neno," alisema. "Nililiondoa mimi."

Akaikunjua kitandani. Duara jekundu, mshale mrefu. Mdogo wake aliinama kuutazama, akashindwa kuishika karatasi, mkewe akaja kumshikia. Mkasi alieleza yote, tangazo, mkia, mwandishi mwenye miwani. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake alieleza jambo bila kulipunguza.

"Siku nilipokupigia," mdogo wake aliuliza, "ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Nisomee."

"Umeshaiona, mdogo wangu."

"Nisomee."

Akaisoma aya ile kwa sauti. Isiwashwe hata kwa dakika moja. Wifi aliweka mkono mdomoni akatoka nje. Mdogo wake akauliza kitu ambacho Mkasi hakukitegemea kabisa.

"Na ile habari ya nyuma ya kabati, ukutani kwa mama?"

"Mwisho wake nilikuwa nautunga."

Alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyeambiwa njia aliyoipita miaka yote haifiki. "Kesho tume," alisema. "Mimi nitasema yangu, wewe utakwenda na karatasi yako. Usome yote."

Alikwenda. Alisimama mbele ya tume, akataja kazi yake, na walipouliza wenzake wanamwitaje alilitaja na hilo. Akasoma. Mama wa fundi cherehani alikuwa kwenye benchi la mbele akimtazama kwa utulivu, na Mkasi alitamani angalau atukanwe. Hakutukanwa.

Alhamisi asubuhi mlinzi wa getini kazini alimwambia kwa adabu kwamba jina lake halimo tena kwenye orodha. Akanunua magazeti yote mawili. La ng'ambo lilikuwa limemweka ukurasa wa kwanza, MKASI AFICHUA UNYAMA WA MWENYEKITI, herufi kubwa kama ngumi, na picha ya mgombea wao kubwa kuliko hata za marehemu. Ule uongo wao wa watu watatu kuzimia hawakuugusa. Lake, la miaka ishirini na sita, lilikuwa na habari ya tume ukurasa wa tisa: shahidi asifu ujasiri wa wafanyakazi. Lilimtaja mdogo wake. Yeye hakuwemo. Alijua kabisa alikuwa ameandikwa, na alijua alikuwa aya ya ngapi, na alijua aliyekaa kwenye kiti chake amemhamishia wapi. Chini ya habari palikuwa na tangazo.

Jumamosi alikwenda kwa mdogo wake kama desturi, ingawa miguu haikutaka. Alikuta wafanyakazi watatu wa zamu ya asubuhi wameketi sebuleni. Walikuwa wametoka kuibandika karatasi yenye duara jekundu kwenye ukuta wa kantini, pale pale penye alama za gundi. Walimwamkia. Mdogo wake alikuwa kwenye kiti chake, na uso wake, hilo Mkasi aliliona mara moja, ulikuwa uso wa mtu aliyelala usingizi. Walau hilo lilirudi. Alingoja amwite Dada.

"Mpisheni Mkasi akae," mdogo wake alisema.

Akakaa, na mdogo wake akamsogezea magazeti mawili kwa kiwiko.

"Soma," alisema. "Lakini anzia chini."